Mashine Iliyobaki Maziwani

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Bi Philister amenipa daftari hili asubuhi, lenye jalada gumu la kijani. "Kila utakachoifanyia mashine ya Maziwani, andika tarehe na saa," akaniambia. "Ukifa leo, kesho mwenzako aweze kuendelea." Ndivyo anavyozungumza mkubwa wangu huyu. Mambo ya mashine nimeanza kuyaandika kutoka nyuma ya daftari. Huku mbele nitaandika yangu.

Mimi ni Mwanamkasi binti Boga, mzaliwa wa Likoni, fundi wa kompyuta katika mradi wa zahanati, ofisi yetu Changamwe. Mashine ya Maziwani ni seva ya kizee tuliyopewa msaada na watu waliokwisha kuichoka. Iko chumba cha juu cha jengo la ushirika, kule delta ya Mto Tana. Zahanati tano za huko huipelekea barua kwa redio: dawa hii imekwisha, mgonjwa huyu amezidiwa. Nayo huzikusanya, na kila mchana hutupigia simu na kuzimimina hapa, kisha mimi nazipeleka Nairobi. Umeme wake ni wa jua. Huamka saa sita kasorobo, hulala saa tisa.

Leo Nairobi wameandika kwamba kuanzia tarehe mosi Januari hawatapokea tena barua za programu ya zamani. Basi Novemba nitasafiri na programu mpya. Nitafikia Mchangani, mwendo wa saa moja kwa mtumbwi kutoka Maziwani. Tabibu wa zahanati ya Mchangani ni Ishaka, mume wangu. Sijamtia machoni tangu Iddi ya kuchinja, mwezi wa nne.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Laini imekatika mara mbili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Barua za salamu haziruhusiwi kwenye mashine. Lakini Ishaka, chini ya orodha yake ya dawa, hutia mstari mmoja, na Bi Philister hujifanya hauoni. Wa leo ulisema: "Salamu kwa fundi. Mwambie mvua ya huku haina adabu." Nimeuchapisha nikautia mkobani.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, alikuwa ukumbini akimenya mbaazi. "Ishaka yu hali gani?" akauliza kabla sijavua viatu. Nikamsomea. Akacheka peke yake, muda mrefu. Tuna miaka saba ya ndoa, Ishaka na mimi, na mimba mbili zilizoharibika, na mama huyu hajanitupia neno hata siku moja. Kwa hilo nampenda kuliko anavyojua.

Jumatano, 29 Oktoba

Redioni wanasema mvua hii ina jina: Elnino. Mashine iliganda. Nikapiga simu posta ya Maziwani, wakamwita Mzee Nguma, mlinzi wa chumba. "Zima, hesabu hadi ishirini, washa," nikamwambia. "Mama fundi," akasema, "nahesabu hadi thelathini, ipumzike kidogo." Ikaamka.

Jumatano, 5 Novemba

Barabara ya Maziwani imekatika kabisa. Mzee Nguma alinipigia mwenyewe leo.

"Mama fundi, maji yako sokoni. Watu wanahamia vilimani kwa mitumbwi. Na posta wanafunga, mitambo ya simu imeachwa ijiendeshe."

"Na wewe?"

"Mimi nina wajukuu. Nimeifunika mashine yako na turubai, sehemu ya kupumulia nimeiacha wazi. Mlango nimeufunga, ufunguo nauchukua. Chumba cha juu, maji hayatafika, inshallah."

"Ikiganda, Mzee?"

Nikasikia watu wakiitana nyuma yake.

"Ikiganda imeganda," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Sasa mji mzima umehamwa, umebaki na kompyuta moja tu inayoamka saa sita kasorobo. Zahanati tano hazina njia nyingine ya kusema na dunia.

Jumatatu, 10 Novemba

Safari imefutwa. Nimemwambia Bi Philister kwamba programu mpya nitaipitisha kwenye simu, vipande kumi na vinne, nikaviunganishe kulekule. Modemu ya kule, kifaa cha kupitisha maandishi kwenye simu, ni ya polepole mno; kipande kimoja ni dakika arobaini, na laini ikikatika dakika ya thelathini na tisa unaanza upya.

"Na siku ya kuizima na kuiwasha ili programu mpya ishike?" akauliza. "Isipoamka, nani ataibonyeza?"

"Hakuna."

"Basi usiguse kitu ambacho huwezi kukirudisha. Na usiizime mpaka betri zijae, jua la siku mbili mfululizo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Hapa ofisini tuna pacha wake, mashine ya mwaka uleule. Kila kitu nitakijaribu kwake kwanza.

Jumanne, 11 Novemba

Kipande cha kwanza kimefika.

Jumatano, 12 Novemba

Hakuna jua kule. Haikuamka.

Alhamisi, 13 Novemba

Haikuamka.

Ijumaa, 14 Novemba

Imeamka saa saba na robo. Kipande cha pili, dakika thelathini na sita, laini ikakatika. Nimekaa nikiitazama simu kama mjinga. Ishaka: "Malaria nyingi. Watu mia nne kilimani, choo kimoja. Salamu kwa fundi."

Jumatano, 19 Novemba

Vipande vitano. Likoni maji yameingia hadi jikoni. Tumeinua magodoro juu ya meza, mama na mimi, tukacheka hadi tukakaa chini majini.

Jumatatu, 24 Novemba

Programu mpya inataka rejista za wagonjwa zipangwe upya. Nikazileta nakala zake huku, nizinyooshe kisha nizirudishe. Kwa desturi sizifungui, ni siri za watu. Lakini diski ya kule ina sehemu mbovu, na herufi nyingine huja zimegeuka, kwa hiyo ilinibidi niangalie mstari kwa mstari.

Rejista ya waja wazito, zahanati ya Mchangani, mstari wa thelathini na moja:

Mwanabibi Komora. Miaka 22. Mimba ya kwanza. Miezi saba. Mume: Ishaka Mwidani, tabibu. Ndoa: Machi 1997. Aliyeandika: I.M.

Wallahi, jambo la kwanza nililofikiri ni diski. Nikasema diski imeharibu herufi. Nikakata simu, nikapiga tena, nikaileta faili upya. Ikaja vilevile. Nikaileta mara ya tatu. Vilevile, hadi nukta.

I.M. ni yeye. Ishaka hajawahi kuidanganya rejista. Siku zote akisema karatasi ya mgonjwa ni amana. Basi akaketi mezani, akajaza ukweli wote, kila kisanduku, mahali ambapo aliamini mimi sifungui. Au alijua kwamba siku moja nitafungua? Nimelifikiria hilo tangu saa nane na sijui lipi ni baya zaidi.

Machi. Iddi ile ya mwezi wa nne alipokuja, akaninunulia doti ya kanga, tukakaa siku nane, alikuwa na mwezi mmoja wa ndoa.

Nimemaliza kuzipanga rejista. Mistari sitini na mbili. Yote iko sawa.

Jumanne, 25 Novemba

Sikwenda kazini.

Jumatano, 26 Novemba

Nilimkuta mama mkwe uani, anapepeta mchele.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Mwanabibi ni nani?"

Ungo ukasimama. Kuku wakaja kudonoa zilizomwagika, hakuwafukuza.

"Nani kakwambia?"

"Mashine."

Akauweka ungo chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

"Mwezi wa tatu," nikasema, "ulipokwenda Lamu mazikoni. Hapakuwa na maziko."

"Hapakuwa."

"Ulikwenda harusini."

"Nilikwenda, Mkasi. Nikapeleka kanga na mafuta, nikamtia mkono kichwani yule mtoto wa watu nikamwombea dua. Nilitaka mjukuu kabla sijafa. Kutaka si kosa. Kosa langu ni kurudi hapa nikakaa na wewe miezi minane nikala chakula chako."

"Ungeniambia. Sheria inamruhusu. Ningelia, lakini ningejua."

"Niliogopa utaondoka."

Hakulia. Ningependa alie. Kisha akaupika ule mchele, akanipakulia, nami nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa na sikuwa na kwingine pa kula.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilirudi kazini juzi, nikakosea kitu ambacho hata mwanafunzi hakosei. Nilipeleka kipande cha saba juu ya cha sita. Bi Philister akaona. Leo, ingawa ni Jumamosi, ameniita. Nikamweleza yote, nikidhani ataniambia pole.

"Unataka likizo?" akauliza.

"Sijui nitakacho."

Akafunga mlango. "Wewe unajua mimi nilikuwa nakaa Likoni mpaka Agosti. Siku ile ya vurugu, sisi watu wa bara tulipofukuzwa, nilitoka na watoto wawili na beseni moja. Jirani mmoja wa kwenu alituficha chini ya kitanda chake siku mbili. Mwingine, tuliyekuwa tukipeana chumvi miaka sita, alitazama pembeni. Jumatatu nikaja hapa nikakaa kwa kiti hiki. Watu wakasema huyu mama ni jiwe. Mimi sikuwa jiwe. Sikuwa tu na mahali pengine pa kukaa."

Miezi mitatu nimekaa meza ya pili kutoka kwake na sikuwahi kumuuliza alilala wapi siku zile. Nami ni mtu wa Likoni.

"Mashine si ya Ishaka," akasema. "Nenda uipeleke upya kipande cha sita."

Jumanne, 2 Desemba

Kipande cha nane. Chini ya jibu la dawa za Mchangani niliandika: "Nimeona mstari wa 31." Nikaituma kabla sijajizuia.

Jumatano, 3 Desemba

Jibu lake, chini ya orodha ya kwinini na chumvi za wanaoharisha: "Nilikuwa nitakuambia nikija. Tafadhali tusiitumie laini kwa hili, watu wanaihitaji."

Ni kweli, watu wanaihitaji. Ndiyo maana limeniuma hivi.

Alhamisi, 4 Desemba

Haikuamka.

Jumatatu, 8 Desemba

Kipande cha kumi. Ishaka hatii tena mstari chini ya orodha.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri, nimefanya kazi. Vipande viwili siku moja. Bi Philister alileta mihogo ya kukaanga, akakaa mbele yangu mpaka cha pili kikaisha.

Jumatatu, 15 Desemba

Kumi na vinne. Vyote vimefika, nimevipima kimoja kimoja, vinalingana na vya kwetu. Rejista mpya zimo. Programu ya zamani nimeiacha mahali pake, na nimeandika amri ya kurudi: mashine ikiamka mara tatu na programu mpya bila kusema na Changamwe, irudi yenyewe kwenye ya zamani. Nimeijaribu amri hiyo kwa pacha wake mara kumi. Limebaki jua la siku mbili.

Jumanne, 16 Desemba

Nataka liandikwe kama lilivyokuwa.

Leo kule kulikuwa na jua nusu siku. Mashine huniarifu nguvu ya betri zake. Zilikuwa juu kidogo ya nusu. Bi Philister alikuwa ameitwa mkutanoni kisiwani Mombasa. Kabla ya kuondoka alisema, "Hiyo mambo ngoja Alhamisi."

Saa saba na nusu zikashuka barua za Mchangani. Orodha ya dawa, na chini yake hakuna kitu. Nikauona ule weupe chini ya orodha. Nikajisemea, leo leo. Nimalize niachane na kila kitu kinachotoka kwenye mdomo wa mto ule. Betri sikuziangalia mara ya pili. Nikaandika amri ya kuzima na kuwaka, nikabonyeza.

Laini ikakatika, kama inavyopaswa. Dakika tano baadaye nikapiga. Inaita tu. Nikapiga hadi saa tisa.

Jumatano, 17 Desemba

Kimya. Nilimwambia Bi Philister. Hakunipigia kelele. Akavuta kiti, akaketi karibu na simu.

Alhamisi, 18 Desemba

Kimya. Zahanati tano. Sijala.

Ijumaa, 19 Desemba

Saa sita na dakika hamsini simu ikalia, na modemu ikaanza kilio chake. Bi Philister akanishika bega. Ilikuwa ni programu ya zamani. Betri hazikuwa na nguvu. Kila siku iliamka na kuzimika kabla haijafika kwetu, na mara ya tatu ikaitii ile amri ya kurudi. Tulipiga makofi, sisi wawili, kama watoto.

Kisha barua za siku tatu, zilizokuwa zikingoja zahanati, zikaanza kushuka. Ya nne ilikuwa ya Mchangani, ya Jumatano, saa nane mchana:

"DHARURA. Mwanabibi Komora, 22, uchungu umeanza kabla ya wakati. Mtoto amelala kiubavu. Hapa siwezi kupasua. Naomba ndege leo."

Ya saba, ya Alhamisi: "DHARURA. Narudia. Mama anaishiwa nguvu."

Ya tisa ilikuwa ya leo asubuhi. Haikusema dharura. Ilisema: "Changamwe, mpo?"

Nilipiga simu Malindi kwenye helikopta ya msaada. Sikumbuki niliyosema. Mawingu yalikuwa chini, wakasema kesho alfajiri. Nikamwandikia Ishaka: "Kesho alfajiri. Mashine ilizimika kwa kosa langu. Mwanamkasi."

Jumamosi, 20 Desemba

Wamemleta hospitali hapa Mombasa. Kwenye helikopta palikuwa na nafasi ya mgonjwa na muuguzi tu; Ishaka amebaki na wagonjwa wake. Mwanabibi amepasuliwa saa nne. Yu hai. Mtoto yu hai, wa kike, kilo moja na nusu.

Jumapili, 21 Desemba

Nilikwenda na mama mkwe, lakini wodini nikaomba niingie peke yangu kwanza.

Ni msichana mwembamba, mikono yake mikubwa kama ya mtu wa jembe. Alinitazama nikija, akavuta shuka hadi kidevuni.

"Shikamoo, dada," akasema. "Wewe ndiye fundi."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Ishaka alisema mashine imekufa. Mimi nikamwambia, haikufa. Bi mkubwa ametukatia. Ulitukatia?"

Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Sikukukatia. Sikujua kama una uchungu. Lakini niliambiwa ningoje siku mbili, sikungoja. Nilikuwa na hasira, nikafanya haraka. Barua yako ililala kule siku mbili kwa ajili yangu."

Mwanamke wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

"Mimi niliambiwa unajua," Mwanabibi akasema. "Mwezi wa tatu. Niliambiwa bi mkubwa ameridhia, na hizi kanga ni yeye aliyezituma."

"Sikutuma."

"Nimejua sasa." Kisha akasema, "Wamemweka chumba kingine, mwanangu. Mimi siwezi kusimama. Nenda ukaniangalizie, uje uniambie yukoje."

Nikaenda. Yuko ndani ya kisanduku cha kioo, mwekundu, ana nywele nyingi. Nilirudi nikamwambia: ana nywele nyingi. Akafumba macho akatabasamu.

Jumatatu, 22 Desemba

Ishaka: "Habari za Mwanabibi? Mtoto?" Nimejibu: "Wote wazima. Anapewa maziwa kwa bomba." Baada ya kazi nimepita hospitali.

Jumanne, 23 Desemba

Ishaka: "Habari za Mwanabibi? Mtoto?" Nimejibu: "Wazima. Ameongezeka kidogo." Nimepita hospitali.

Jumatano, 24 Desemba

Ameniuliza tena, nimejibu tena. Mimi mwenyewe hajaniuliza habari yangu. Wamenivalisha koti na kuniruhusu kumgusa mtoto kwa kidole. Alikishika. Nimezipoteza mbili kabla hazijafika hata kuwa na vidole. Nimetoka nje nikasimama chini ya mabati, mvua ikinyesha, mpaka nikaweza kwenda kuvuka feri.

Jumamosi, 27 Desemba

Siku ya saba. Mwanabibi amemwita Mwanatabu. Mama mkwe alileta asali. Nimewaona wawili hao wameinamiana juu ya kile kioo, nikamhurumia mama kwa mara ya kwanza. Alitaka kitu kidogo sana, akakitafuta kwa njia mbovu.

Jumatatu, 29 Desemba

Siku ya kura. Mabarabara kimya, foleni zimejaa mashuleni. Mwanatabu amefariki alfajiri. Kifua, wamesema. Mapafu hayakuwa tayari.

Mwanabibi alitaka kumwogesha mwenyewe, na kidonda kikamzuia kuinama. Basi mimi nilishika, yeye akamwaga maji, mama mkwe akasema la kusemwa. Sanda ilikuwa nguo ndogo kuliko leso ya mkononi. Wanaume wamemzika Likoni kabla ya adhuhuri.

Daktari alisema siku tatu zile za uchungu zilimchosha mtoto. Alisema pia kwamba huenda hata bila hizo. Nimeyaandika yote mawili kwa kuwa aliyasema yote mawili.

Ishaka leo sikumjibu. Mwanabibi ameniomba. "Maneno hayo ni yangu," alisema. "Nitayasema nikiweza."

Jumanne, 30 Desemba

Kule jua la siku tatu. Betri zimejaa. Kesho ndiyo siku ya mwisho waliyotupa Nairobi.

Bi Philister alisema, "Naweza kuibonyeza mimi." Nikakataa. Nikapima kila kitu mara mbili, nikampa na yeye apime. Saa saba na dakika kumi nikabonyeza. Laini ikakatika. Tukakaa. Saa saba na dakika ishirini na mbili simu ikalia, na kwenye kioo yakatokea maandishi ya programu mpya, safi, na barua za zahanati zote tano nyuma yake.

Bi Philister alilia, yeye. Mimi nilitazama tu saa nikaandika nyuma ya daftari: 1.22 mchana, imekubali.

Mwanabibi ameruhusiwa kutoka hospitali. Yuko kwa mama mkwe, chumba cha uani.

Jumatano, 31 Desemba

Asubuhi Mwanabibi aliniita chumbani. Shule aliishia darasa la pili. Alisema, nami nikaandika kwa kalamu:

"Ishaka. Mwanatabu amekufa juzi alfajiri. Alikaa siku tisa. Hakuachwa peke yake. Amezikwa Likoni, upande wa babu yako. Mimi nimeshonwa, napona. Kula. Mwanabibi."

"Hutaki kuongeza?" nikamuuliza.

"Nikiongeza nitalia, na wewe unaandika."

Nimeituma saa sita na dakika arobaini. Ishaka hakujibu. Zahanati nyingine nne zimeomba dawa kama kawaida.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Nimehama. Nimepata chumba Mtopanga, kimoja, dirisha linatazama ukuta. Bi Philister alikuja na pikapu ya kaka yake tukapakia godoro, cherehani na sanduku. Mama mkwe alisimama mlangoni akanishikia kanga yangu iliyosahaulika kwenye kamba. "Mkasi, mwanangu," akasema, na hapo ndipo alipolia. Nilimbusu mkono. Kwa kadhi nitakwenda baada ya mfungo.

Ijumaa, 2 Januari

Barua ya Ishaka imefika mchana. Kurasa mbili, kwa Mwanabibi. Programu mpya inabeba barua ndefu bila kukatika. Nimeichapisha bila kuisoma, nikaitia kwenye bahasha, na baada ya kazi nikavuka hadi Likoni.

Nilimkuta amekaa mkekani, mgongo ukutani, maziwa yamemjaa na kumloanisha nguo mbele. Akaipokea bahasha, akaifungua, akatazama yale maandishi juu hadi chini, kisha akanirudishia.

"Nisomee, dada."

"Nimwite mama?"

"Mama macho yake mabovu. Nisomee wewe."

Nikaketi. Nikasoma. Alimwita roho yake. Alisema hajalala tangu siku ile ya helikopta. Kwamba usiku huweka mkono mahali alipokuwa akilala, akakuta baridi. Kwamba wataruzukiwa mwingine, na asijilaumu, na maji yakipungua atakuja kumchukua kwa mikono yake. Sikujua kama Ishaka anajua maneno mengi hivyo. Ukurasa wa pili, karibu na mwisho, iliandikwa: "Mwambie Mkasi nimemsamehe zile siku tatu." Nikalisoma na hilo, kwa sauti ileile.

Mwanabibi aligeuza uso akanitazama. Uani mama mkwe alikuwa akikoroga uji wa kufuturu, mwiko unagonga sufuria.

Nikamaliza mstari wa mwisho na jina lake. Nikaikunja.

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Dada," akasema, bila kunitazama, "nirudie pale mwanzo."

Nikaikunjua, nikarudia.